Mdomo Wangu na Ile Posho

Jumatatu, 3 Machi

Miadi ya ofisi ya posho ya ulemavu ni Alhamisi! Mdogo wangu kanibandikia karatasi kwenye friji, herufi kubwa utadhani mimi sioni. Vidole ndivyo vibovu, bibi wee, si macho. Baridi yabisi. Miaka yote ile nimesuka vichwa vya watu saluni, leo mfuniko wa chupa ya maji unanishinda. Kuna siku naamka na mikono mizuri, nachambua hata mchele. Kuna siku kifungo kimoja cha blauzi kinanitoa jasho. Ugonjwa hauna adabu, hauna ratiba.

Posho ikitoka, mdogo wangu ataacha zamu ya jioni pale duka la dawa, arudi chuo. Hajasema. Lakini vitabu vyake bado viko juu ya kabati, kakataa kuvigawa. Naitaka hiyo posho kuliko ninavyojionyesha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda. Feni inafanya kazi, viti vigumu. Ofisa mwenyewe kijana, tai imeshuka mpaka chini ya mkanda — nimeshampa jina, Bwana Tai. Mpole huyo! Kasimama kabisa. Shikamoo mama. Marahaba. Hujambo? Sijambo. Afya je? Nzuri tu, tunashukuru. Umelalaje? Salama kabisa. Huku anaandika, anaandika. Nikasema moyoni, huyu kalelewa.

Halafu: unajipikia? Najitahidi. Kufua? Kidogo kidogo. Ngazi? Taratibu nafika. Tukaagana vizuri sana.

Mdogo wangu kauliza ilikuwaje. Nzuri tu, nikamwambia.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekataa! Barua inasema mwombaji ameeleza mwenyewe kuwa hajambo, afya yake ni nzuri na hulala salama. Salamu zangu! Wameandika salamu zangu! Sasa nimjibuje? Mtoto wa watu kaniamkia kwa heshima, nimwambie mbaya? Nani anajibu hivyo? Mtu anasema nzuri hata akiwa juu ya machela!

Mdogo wangu kacheka mpaka kakaa sakafuni. Halafu kaenda kuvaa sare ya kazi. Nimelia kidogo jikoni. Nikaacha, maana kujifuta machozi nako ni kazi kwa vidole hivi.

Rufaa inaruhusiwa. Watakuja wenyewe nyumbani, siku yoyote, bila taarifa. Haya.

Jumapili, 23 Machi

Mazoezi. Mdogo wangu anajifanya ofisa, na miwani ya jua juu! Habari za asubuhi? Nzuri — paa! kapiga meza. Tena. Habari? Nzuri kiasi. Dada, unataka posho au unataka kusifiwa? Mwisho nikafika "si nzuri", ulimi mzito kama namtukana mtu.

Jioni nikaenda kujaribu kwa jirani wa chini. Za leo? Mbaya, nikamwambia. Lo! Kashika kichwa: nani kafariki? Hakuna. Sasa nini? Vidole. Vidole vya nani? Kabla sijajieleza simu imeshapigwa, wamekuja majirani watatu na nyuso za msibani, mmoja kabeba viti vya plastiki! Tukacheka, basi tukanywa chai, wamemimina wenyewe.

Ila mmoja kaniuliza, mbona wiki ile nilikuona unamwagilia maua? Nikasema ile ilikuwa siku nzuri. Kwa hiyo unapona? Nikamkaribisha chai nyingine.

Jumatano, 2 Aprili

Mikono mizuri! Nimemsuka mdogo wangu mistari minne mbele, kwa raha tu, na imenyooka. Katikati ya mstari wa nne nikashtuka: je, Bwana Tai akigonga sasa hivi? Nikafunga pazia. Nimejificha nyumbani kwangu kwa sababu sina maumivu! Upuuzi gani huu? Nimekasirika mpaka nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 9 Aprili

Leo mikono imegoma. Kalamu nimeizungushia kitambaa, mwandiko wa kuku.

Mlango umegongwa. Bwana Tai, namjua kwa sauti! Mdogo wangu keshatoka, kauvuta mlango nyuma yake, na kitasa chetu ni kile cha duara, cha kuzungusha, nje hakifunguki bila ufunguo. Nimejaribu mkono mmoja. Miwili. Nimejaribu kwa taulo. Kiwiko. Wapi! Nikampigia kelele asubiri, mdogo wangu ana ufunguo, yuko njiani.

Kakaa kwenye ngazi, mimi ndani kwenye stuli. Akasema basi tuanze, mama, tusipoteze muda. Na mlango ukiwa katikati ulimi unakuwa mwepesi! Kujipikia? Siwezi. Kufua? Siwezi. Kuoga? Mdogo wangu ananiogesha, nikasema, na nashukuru hakuniona uso. Nasikia kalamu, anaandika.

Halafu akasema, mama, samahani, swali hili ndivyo lilivyoandikwa: je, unaweza kufungua mlango bila kusaidiwa?

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Nikangoja naye acheke. Kakohoa tu. Mama, nahitaji jibu.

Leo siwezi, nikamwambia, ila jana nilifungua. Hapa kuna visanduku viwili tu, mama, anaweza au hawezi. Cha siku mojamoja je? Hakipo. Nikimwambia siwezi nimemdanganya, maana jana nimeufungua mlango huu huu na kwenda kununua nyanya. Nikisema naweza — vile vitabu juu ya kabati!

Nimemwomba dakika moja. Ndiyo hii naandika. Viatu vyake vinahamahama hapo nje, na sasa ananiuliza tena, taratibu, kwa heshima zote: niandike nini, mama?