Daftari Tatu za Sikitu

Ifakara,
14 Septemba 1997

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wako unaendeleaje, bado unavimba ukishinda shambani? Hapa kwa baba mdogo Anselim wote wazima. Mimi bado napiga chapa ofisini, na ikifika saa kumi wenzangu wakiondoka, mashine inakuwa yangu.

Hiyo ndiyo habari ninayokuletea. Wewe umenilea tangu mama alipofariki, ukanifundisha kuandika kabla sijaanza shule, kwa hiyo uwe wa kwanza kujua: naandika kitabu. Ni hadithi ya wasichana wawili. Sikitu yuko misheni mwaka 1963, Stela yuko Ifakara ya leo. Hawajuani. Wote wanataka kuwa waandishi, wote wamependa, na wote wanamwuliza Mungu kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Sura moja ni ya Sikitu, inayofuata ya Stela, naenda hivyo hivyo hadi mwisho.

Nakutumia sura tatu za kwanza kwa mkono wa mwalimu Levina, anakuja huko Malinyi likizo. Soma, wala usinionee huruma.

Binti yako,
Balbina


Malinyi,
2 Oktoba 1997

Mwanangu Balbina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Mguu uko vile vile.

Karatasi zako nimezisoma mara tatu. Za Stela ni zako, nakusikia kabisa ukiongea. Za Sikitu nina maswali. Nani amekuambia kwamba wasichana wa misheni walikuwa wanaandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kanisa lilipokuwa linajengwa? Na ile sala, "Bwana, usinipe mume kabla hujanipa maneno," umeitunga wewe? Wewe umezaliwa mwaka 1973.

Nijibu mapema, na unijibu kweli.

Shangazi yako,
Eufrasia


Ifakara,
19 Oktoba 1997

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenishtua. Hukuniuliza hata kama nakula. Nakula, na sina homa.

Nitakujibu kweli, maana sina cha kuficha, ingawa unaniuliza kama askari. Mambo ya Sikitu sikuyatunga. Yapo kwenye daftari tatu za zamani zisizo na majalada. Nilipewa na Salvatory, mtoto wa Mwalimu Dionisi wa Kisawasawa, aliyestaafu. Salvatory ni karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa mjini. Alisema baba yake aliziandika ujanani, akaniruhusu nizitumie. Hadithi yenyewe haijaisha: katekista anamposa Sikitu, na daftari zinaishia hapo. Mimi nimeongeza Stela.

Na kwa kuwa unataka kweli, pokea yote. Salvatory ameleta posa kwa baba mdogo na imekubaliwa. Nilikuwa nakuja kukuambia mwenyewe. Mwanzoni mwa mwezi huu alisafiri na mchele kwenda Dar es Salaam, akabeba nakala yangu nzima kuipeleka kwa wachapishaji. Anasema ameikabidhi.

Jambo moja tu limenikaa vibaya. Nilipomwuliza Mwalimu Dionisi Sikitu alikuwa nani, hakunijibu. Aliniuliza, "Shangazi yako siku hizi anaishi wapi?" Kisha akainuka akaenda bandani, hakurudi mpaka tunaondoka. Mnafahamiana?

Binti yako,
Balbina


Malinyi,
3 Novemba 1997

Balbina,

Salamu nimezipokea. Sisi wazima.

Nasikia umesema "anasema ameikabidhi." Ulionyeshwa stakabadhi? Barua yoyote yenye mhuri? Mtu yeyote alimwona akiingia huko kwa wachapishaji? Usimpe karatasi nyingine hata moja. Hizo daftari tatu zifungie sandukuni, na ufunguo ukae nao wewe.

Ndiyo, nilimfahamu Dionisi. Mengine siyaandiki. Njoo Krismasi tuongee ana kwa ana. Ndoa isubiri.

Shangazi yako


Ifakara,
1 Desemba 1997

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyumba yako iko salama na hizi mvua. Huku hazikati. Wavuvi wanasema mto umeshafika mahali ambapo hawajawahi kuuona mwezi wa Desemba, na magari ya upande wenu hayavuki tena. Krismasi sitaweza kuja.

Ndoa ni tarehe kumi Januari. Tangazo la kwanza limesomwa kanisani Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, la pili jana, la tatu ni Jumapili ijayo.

Shangazi, umenitia jambo moyoni na sasa halitoki. Juzi Salvatory alikuja kutusalimia, akaenda uani kunawa, mimi nikapekua begi lake. Nilikuta kitambaa, kitabu cha nyimbo na embe. Stakabadhi hakuna. Alirudi akanikuta begi liko magotini. Alitazama begi, akanitazama mimi, akasema, "Ulikuwa unatafuta nini? Ningekupa." Nikamdanganya kwamba natafuta kalamu. Tangu siku hiyo, akiniambia jambo lolote, hata kwamba ametokea dukani, nalipima.

Kama unajua neno, liandike. Usiniachie wasiwasi mtupu.

Binti yako,
Balbina


Ifakara,
11 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza hali leo.

Jumapili tangazo la tatu halikusomwa. Baada ya misa Paroko alituita mimi na Salvatory. Alisema imeletwa barua kutoka ng'ambo ya mto, mwandishi anaomba ndoa isimamishwe, na kwa sababu mwandishi ndiye mlezi wangu hawezi kuipuuza. Hakutuonyesha. Nilimwomba nione bahasha tu. Ni mwandiko wako.

Kizuizi gani, Shangazi? Tulikaa na Salvatory kwenye benchi nje ya kanisa, yeye huku na mimi kule, na wote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja ila hakuna aliyetaka kulitamka. Mwisho alilitamka yeye: "Baba yangu na shangazi yako walifahamiana zamani. Wewe ulilelewa naye. Je, kama sisi ni ndugu?"

Nimeitazama picha ya mama mpaka macho yamechoka. Niambie wazi. Mimi ni mtoto wa nani?

Balbina


Ifakara,
25 Januari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Wanasema njia ya kwenu imekuwa bwawa. Wengine wanasema watu wa Malinyi wote wazima, kwa hiyo sijui kama hujapata barua au hutaki kujibu.

Tarehe kumi imepita. Salvatory amerudi Kisawasawa kwa baba yake. Kabla hajaondoka nilimwambia sitaki kumwona mpaka nijue damu yangu, na nikamwambia pia kwamba siamini kama kitabu changu kilifika Dar. Alichukua baiskeli yake akaenda.

Balbina


Malinyi,
20 Februari 1998

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa zote ulizoniamkia nisikusikie. Barua zako tatu zimenifikia leo kwa pamoja. Nikodemu, mwenye mtumbwi, ndiye aliyezileta, na anasubiri hapa hapa barazani nimalize hii.

Wewe ni mtoto wa kaka yangu na mke wake. Nilikuwepo ukizaliwa, nilikukata kitovu mimi. Dionisi hakunigusa, na hana damu ndani yako. Paroko nilimwandikia maneno mawili tu, kwamba asubiri, yapo mambo nisiyoweza kuyaweka kwenye karatasi. Sikufikiri kwamba mngewaza hilo. Nimekutesa miezi miwili kwa ukaidi wangu.

Sasa nayaandika. Utaona ni jambo dogo, ndiyo maana nilitaka kukuambia uso kwa uso.

Sikitu ni mimi. Mwaka 1963 nilikuwa na miaka kumi na saba, niko misheni upande wa Mahenge. Dionisi alikuwa mwalimu mpya. Tulipendana, sitakuficha. Nilikuwa naandika hadithi kwenye karatasi za saruji, kisha nikainakili kwenye daftari tatu, jina langu juu ya majalada. Alisema atazipeleka kwa wachapaji wa mapadri. Aliondoka wiki mbili. Aliporudi aliniambia, "Eufrasia, mapadri wamezisoma. Wamesema msichana anayechanganya mapenzi na sala anamtania Mungu. Wamezitia motoni."

Sikulia mbele yake. Nilimkataa baadaye, kwa sababu aliweza kunipa habari ile kwa sauti ya kawaida. Tangu hapo sijaandika ila barua na orodha za jumuiya. Miaka thelathini na minne nimepiga magoti mbele ya mapadri nikijua wenzao walinichoma.

Halafu zikaja sura zako. Sala yangu, neno kwa neno. Nikajua hazikuungua. Nikajua pia kwamba mtoto wa mtu yule yule amebeba karatasi za binti yangu kwenda Dar es Salaam. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Shangazi yako akupendaye,
Eufrasia


Ifakara,
15 Machi 1998

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Si jambo dogo. Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipomaliza nilikwenda moja kwa moja kupanda gari la Kisawasawa.

Mwalimu alikuwa uani anachambua mbegu za maharage. Salvatory alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, shikamoo. Sikitu ni nani?"

"Uliniuliza swali hilo mwaka jana."

"Leo naliuliza nikiwa na barua."

Niliisoma yote kwa sauti, pamoja na yale ya Mahenge. Mikono yake iliacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Sikuzipeleka popote. Nililala njiani nikazisoma zote. Nikaona msichana huyu akichapishwa hatakaa na mwalimu wa darasa la pili. Nikasema nitazificha mpaka tuoane, kisha nimrudishie. Hatukuoana."

"Na majalada?"

"Niliyachana mimi. Yalikuwa na jina lake."

Ndipo Salvatory aliposema. Hakupandisha sauti. "Baba, zile daftari ulikuwa unanisomea nikiwa mdogo. Ukaniambia ni zako."

Salvatory alitoka akapita upande wa shamba, hakuniangalia.

Shangazi, ningependa kuishia hapo ili mwenye kosa awe mmoja. Lakini jana imefika barua ya wachapishaji. Walipokea kitabu tarehe nane Oktoba kutoka kwa ndugu Salvatory, kwa mkono. Kimeandikishwa kwa majina mawili, langu na la Mwalimu Dionisi. Wanakitaka. Na wanasema wiki iliyopita wamepata barua nyingine kutoka kwa Salvatory: anaomba jina la baba yake lifutwe, liandikwe la Eufrasia wa Malinyi.

Hakudanganya hata neno moja. Aliandika jina la baba yake kwa sababu aliamini. Nimemwandikia mara mbili, kimya. Nifanye nini?

Binti yako,
Balbina


Malinyi,
19 Aprili 1998

Mwanangu Balbina,

Marahaba. Kristo amefufuka kweli kweli. Natumaini umekula Pasaka vizuri.

Usikasirike. Jumatano nilivuka mto, nikapita Ifakara bila kuja kwako. Nilijua ukiniona ungetaka tuongozane, na safari hii ilikuwa yangu. Nilifika Kisawasawa mchana.

Dionisi amezeeka, Balbina. Nilikuwa nimejiandaa kwa yule kijana mwenye suruali iliyonyooshwa, nikamkuta mzee anayetafuta fimbo yake ili asimame. Alisema, "Eufrasia, karibu," nami nikamwambia sikuja kukaa. Alisema alizisoma kila mwaka, kwamba hakuna mtu aliyezitunza kama yeye. Nikamwambia, "Ulizitunza, mimi ukanizika." Aliomba msamaha. Nimempa, kwa sababu naomba Baba Yetu kila siku na siwezi kuiruka sehemu ile. Lakini nimemwambia pia asije harusini kukaa karibu yangu, bado sijafika huko.

Kisha nikamwendea Salvatory shambani. Alikuwa anavuna. Aliniamkia nikaitika, halafu nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyemtia Balbina mashaka juu yako. Nilikuhukumu kwa kosa la baba yako, sijakuona hata uso. Nimekukosea. Nisamehe."

Aliuweka mundu chini. Kisha akasema, "Shangazi, watoto wenzangu walikuwa na baba wenye ng'ombe, wenye maduka. Mimi nilikuwa na baba aliyeandika hadithi ya Sikitu. Nilimjivunia kwa maneno yako."

Miaka yote hiyo nilihesabu kwamba aliyeibiwa ni mimi peke yangu.

Alinisindikiza mpaka barabarani kungoja gari. Tukiwa pale aliniuliza, "Yule katekista, Sikitu alimkubali?" Nikamwambia sijui, niliacha kuandika. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa chakula. "Basi umalize. Balbina ameweka Stela, lakini hadithi ya Sikitu hawezi kuimaliza. Nimesoma, hawezi." Ana macho ya kusoma, huyo. Kweli huwezi. Nimeanza juzi, mkono unauma, na kurasa nne za kwanza ni mbaya sana.

Kwa Paroko nimepita. Barua yangu nimeiondoa kwa mkono wangu, na amesema tangazo la tatu litasomwa siku yoyote mtakayokwenda kwake wote wawili.

Salvatory atakuwa Ifakara Jumamosi, analeta mpunga mashineni. Niliomba msamaha kwa ajili yangu tu. Nilitaka kukuombea na wewe, akanizuia. Akasema ukiwa na neno, ulilete mwenyewe, naye atasikiliza. Nenda mapema, kabla foleni ya mashine haijawa ndefu.

Shangazi yako,
Eufrasia