Kikao cha Wachongaji wa Ngwatanio Kuhusu Twiga Waliotakiwa Kuchongwa Arusha

KIKUNDI CHA WACHONGAJI CHA NGWATANIO, WAMUNYU

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati kilichofanyika Jumamosi tarehe 17 Aprili 1999 katika banda la mauzo la kikundi, kuanzia saa nne asubuhi.

WALIOHUDHURIA
Bw. Nzuki Mutua – Mwenyekiti
Bw. Mwangangi Kioko – Mweka hazina
Bw. Wathome Muli – Mjumbe, mchongaji
Bw. Ndolo Kimeu – Mjumbe, mchongaji
Bi. Kalekye Nzioka – Mwakilishi wa wapiga msasa (bila kura)
Bi. Kasiva Mutinda – Katibu (bila kura)

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Antony Musyoki – Mjumbe. Alienda Kitui kutafuta magogo.

KUMB. NA. 1/4/99: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alimwomba Bi. Kalekye aongoze sala. Aliomba kwa ufupi, akawaombea wote waliosafiri na kurudi salama, na wote wanaoamuliwa mambo bila kuulizwa. Bw. Mwangangi aliuliza kama hiyo ilikuwa sala au hoja. Mwenyekiti alisema ilikuwa sala, na kikao kikaendelea.

KUMB. NA. 2/4/99: YALIYOTOKANA NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu aliwakumbusha wajumbe kwamba mwezi wa Machi kamati ilikubali agizo kubwa la twiga kutoka kwa mnunuzi wa Ujerumani, kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe alikuwa ameishusha. Ilipitishwa kwamba maumbo yachongwe Arusha, katika karakana ya Bw. Shirima, ambako mchongaji hulipwa chini ya nusu ya anachopata mchongaji wa hapa. Twiga wangevushwa Namanga wakiwa wabichi, na Wamunyu ingebaki na kazi ya msasa na polishi tu.

Ilikumbushwa pia kwamba Bw. Ndolo alipinga, akashindwa kwa kura, kisha akateuliwa kwenda Arusha kukagua ubora wa kazi. Bw. Wathome aliuliza kwa nini aliteuliwa mtu aliyepinga. Mwenyekiti alijibu kwamba Bw. Ndolo ana jicho kuliko wote, na kwamba ilionekana akienda yeye hataweza kusema mambo yalifanywa nyuma ya mgongo wake.

KUMB. NA. 3/4/99: SIMU YA BW. SHIRIMA
Mwenyekiti alieleza kwamba wiki hii alipigiwa simu na Bw. Shirima akiwa na hasira. Wachongaji wake wote walikuwa wameweka tezo chini, wakamwendea kwa pamoja na kumwambia wanataka malipo ya Wamunyu. Bw. Shirima alisema, "Mtu wako ndiye amewafundisha. Mchukue."

Tangu hapo Bw. Shirima amepandisha bei. Ukiongeza lori na ushuru wa mpakani, twiga wa Arusha sasa atakuwa ghali kuliko twiga wa hapa. Mwenyekiti alisema kwa hiyo mpango umekufa, lakini agizo liko hai, na twiga wanatakiwa bandarini Mombasa mwisho wa Julai. Tusipowafikisha, mnunuzi hatarudi tena Wamunyu.

KUMB. NA. 4/4/99: MAELEZO YA BW. NDOLO
Mwenyekiti aliagiza maelezo ya Bw. Ndolo yaandikwe kama atakavyoyatamka, ili baadaye asije akasema hakusema. Katibu aliandika hivi:

"Mzee Chairman, mimi nilienda kama mlivyonituma. Nilipewa kiti, nikaangalia kazi. Kazi yao ni nzuri, siwezi danganya. Shingo ya twiga wanaitoa vizuri kushinda wengi wetu hapa."

Bw. Wathome aliomba kujua "wengi wetu" ni akina nani. Mwenyekiti alisema maelezo yaendelee.

"Uliniambia nisiongee mambo ya malipo. Nikanyamaza. Mchana tulikuwa tunakula pamoja, ugali na maharagwe. Kuna mzee mmoja anaitwa Likonde, ni rika langu. Siku ya kwanza alinishukuru. Akaniambia, 'Mungu awazidishie, ndugu zetu wa Kenya, mmetukumbuka.' Nikasema asante, nikaendelea kula. Kesho yake akaniuliza, 'Sasa kaka, sisi tukiwachonga twiga hawa wote, nyinyi kule mtachonga nini?'

"Wote walikuwa wananiangalia. Hakuwa ananidharau, alikuwa anataka tu kujua. Nikaona nikimdanganya huyu mzee, sitaweza kukaa naye kula tena. Nikamwambia sisi hatutachonga, kazi imeletwa kwenu kwa sababu nyinyi ni rahisi. Akaniuliza, 'Rahisi kiasi gani?' Nikamwambia."

Mwisho wa maneno yaliyoandikwa kama yalivyotamkwa.

Bw. Mwangangi aliuliza kama Bw. Ndolo alijua matokeo ya kusema. Bw. Ndolo alijibu alijua atarudi hapa kuulizwa, na ndiyo maana alirudi moja kwa moja, hakupitia nyumbani.

Bi. Kalekye aliuliza yaliyowapata wale wa Arusha. Bw. Ndolo alieleza kwamba Bw. Shirima aliwaongeza kidogo, kwa kuwa ana kazi za watalii ambazo haziwezi kungoja, na hakuna aliyefukuzwa isipokuwa Bw. Ndolo mwenyewe. Mzee Likonde alimsindikiza hadi stendi akimbebea mfuko.

Mwenyekiti alisema, "Kule umewaongezea mshahara. Hapa umetuletea nini?"

Bw. Ndolo alisema, "Nimewarudishia kazi yenu."

Mwenyekiti alisema kazi isiyo na bei ni mzigo. Alieleza kwamba hakuwa anauza watu. Mabanda matatu ya jirani yamefungwa tangu mwaka jana, vijana waliokuwa wakichonga humo wako Mlolongo wanapasua mawe, na yeye kama mwenyekiti alikuwa akitafuta njia yoyote ya kuzuia hili la kwetu lisifungwe. Aliomba iandikwe hivyo. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/4/99: NAMNA YA KUTEKELEZA AGIZO
Bw. Mwangangi alipendekeza mnunuzi aambiwe tumeshindwa. Alisema kwa bei aliyoishusha mnunuzi hakuna mchongaji atakayeshika tezo, na hata wakishika, mikono haitoshi.

Bw. Wathome alisema amepita kwa wachongaji wote jana na kuwauliza. Wengi walinung'unika lakini walisema afadhali kuchonga kwa bei hiyo mara moja hii kuliko kukaa. Wasichokubali ni mchongaji kupunguziwa peke yake.

Bi. Kalekye aliomba nafasi. Alisema bei hiyo ya chini ambayo wachongaji wanaililia ndiyo wapiga msasa wamekuwa wakiipata tangu kikundi kianze, na hawajafa. Alisema mwezi wa Machi yeye aliunga mkono mpango wa Arusha, hakuficha, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanawake wake wangekuwa na kazi kutoka Jumatatu hadi Jumamosi. Bw. Ndolo amewanyang'anya kazi hiyo na hajawaomba msamaha.

Bw. Ndolo alisimama, akamwambia, "Mama Kalekye, hilo sikulifikiria. Nilifikiria wachongaji tu. Pole."

Bi. Kalekye alisema amesikia.

Kisha alisema twiga hawa hawatatoka hapa bila msasa, na wapiga msasa hawatagusa hata mmoja mpaka wawe wanachama kamili wenye kura, na malipo ya kila twiga yagawanywe sawa na mchongaji. Aliongeza kwamba hasemi hivyo kwa hasira. Mwenyekiti aliuliza kama hilo ni tishio. Bi. Kalekye alijibu, "Ni taarifa, mzee."

Hapo Mwenyekiti alimwomba Katibu, ambaye siku za kazi naye hupiga msasa, aandike bila upendeleo. Katibu alijibu kwamba ndivyo anavyoandika.

KUMB. NA. 6/4/99: UANACHAMA WA WAPIGA MSASA
Bw. Mwangangi alisema jambo hili ni la mkutano mkuu. Bw. Wathome alisema mkutano mkuu uko Desemba na meli inaondoka Julai. Ilipigwa kura. Bw. Wathome na Bw. Ndolo waliunga mkono, Bw. Mwangangi alipinga. Mwenyekiti hakupiga kura kwa kuwa haikuhitajika.

AZIMIO: Wapiga msasa wote ni wanachama kamili kuanzia leo, na Bi. Kalekye ana kura katika kamati. Malipo ya kila twiga wa agizo hili yatagawanywa nusu kwa nusu kati ya aliyechonga na aliyepiga msasa. Mkutano mkuu utaarifiwa Desemba.

Bw. Mwangangi aliomba upinzani wake uandikwe. Umeandikwa.

KUMB. NA. 7/4/99: NIDHAMU
Bw. Mwangangi alitoa hoja kwamba Bw. Ndolo aondolewe kikundini. Alisema mtu aliyetumwa na kamati akaenda kuharibu kazi ya kamati hawezi kuketi tena mezani nayo, hata awe na jicho la namna gani. Bw. Wathome alipinga. Bw. Ndolo alielekezwa asipige kura, akakubali, akatoka nje kusubiri.

Ilibaki kura ya Bi. Kalekye, ikiwa ndiyo ya kwanza kwake. Mwenyekiti alimuuliza kama anahitaji kuelezwa utaratibu. Alisema utaratibu anaujua, amekuwa akiutazama kwa miaka.

Alisema Bw. Ndolo alivunja agizo na lazima aadhibiwe, lakini hatafukuzwa kwa kumwambia mzee wa watu ukweli alipoulizwa. Alipiga kura ya kupinga. Hoja ya Bw. Mwangangi ilishindwa kwa kura mbili dhidi ya moja.

Mwenyekiti aliuliza basi adhabu iwe nini. Bi. Kalekye alisema Bw. Mwangangi amekwisha kueleza kwamba mikono haitoshi, na kamati ilikuwa tayari kuvuka mpaka kutafuta mikono mingine. Hapa bandani kuna wanawake wanaojua kila pembe ya twiga kwa vidole kwa sababu wao ndio wanaomsugua. Bw. Ndolo awafundishe wanaotaka kushika tezo.

Bw. Mwangangi alisema tangu azaliwe hajaona mwanamke wa Wamunyu akichonga. Bi. Kalekye alisema hata yeye hajaona. Bw. Wathome alisema tezo litawakata miguu. Bi. Kalekye alimwomba aonyeshe mguu wake mwenyewe. Bw. Wathome hakuuonyesha, na alisema hana pingamizi tena.

Mwenyekiti alisema yeye binafsi hapendi jambo hili, na ana hakika atasemwa sokoni. Hata hivyo alihesabu kwa sauti wachongaji waliobaki, akafika mwisho upesi, akasema tujaribu.

Bw. Ndolo aliitwa ndani na kusomewa adhabu. Aliuliza kama hiyo ndiyo yote. Mwenyekiti alisema hiyo ndiyo yote, na kwamba atafundisha bila malipo. Bw. Ndolo alisema, "Nitafundisha. Lakini nikisema umbo ni baya, ni baya. Sitamwonea mtu huruma eti ni mama." Bi. Kalekye alisema hakuna aliyemwomba huruma.

AZIMIO: Bw. Ndolo Kimeu amepewa onyo kwa kukiuka agizo la kamati. Atawafundisha uchongaji wanachama wanawake kuanzia Jumatatu, katika banda lake. Kila mjumbe mwanamume wa kamati, Mwenyekiti akiwemo, atachonga sehemu yake ya agizo. Mwenyekiti alisema hajashika tezo tangu achaguliwe. Alijibiwa kwamba linajulikana.

KUMB. NA. 8/4/99: KUFUNGA KIKAO
Bw. Mwangangi aliondoka kabla ya sala, akisema ana ng'ombe wa kunywesha. Alirudi mlangoni kuuliza sehemu yake ya twiga ni wangapi, akaambiwa sawa na wengine, akaondoka.

Mwenyekiti aliuliza kama kweli kuna mwanamke hata mmoja atakayefika Jumatatu, au kamati imepoteza asubuhi. Bi. Kalekye alisema yeye atafika. Katibu aliweka kalamu chini na kusema kwamba hata yeye atafika. Bw. Ndolo alimtazama mikono, akamwambia aje na kitambaa kizito cha kufunga mguuni, na aje mapema.

Baada ya sala ya Bw. Wathome, kikao kilimalizika saa saba na nusu mchana.

Sahihi:

Nzuki Mutua, Mwenyekiti
(Nimetia sahihi. Kuhusu wanawake kuchonga, nangoja kuona. – N.M.)

Kasiva Mutinda, Katibu na mwanafunzi