Wosia wa Siku Njema

Jumamosi, 4 Novemba

Mjomba Kiyotaka kaja kutoka Osaka na keki, pamoja na karatasi za mshauri wake wa kodi. Keki hakuigusa mtu. Babu ana miaka themanini na sita, kwa hiyo wosia uandikwe sasa. Mtu akifa, kodi ya urithi hulipwa ndani ya miezi kumi, tena taslimu. "Ofisi ya kodi haisubiri watu wamalize kulia, Baba."

Babu alicheka. Akasema basi ataandika kwa mkono wake mwenyewe: nyumba kwa Kiyotaka, mtoto wa kiume, mtunza makaburi ya ukoo. Ndivyo baba yake alivyofanya. Mama atapata akiba ya benki.

Mama alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone.

Tunaishi hapa mwaka wa tisa sasa, tangu Mama na Baba waachane. Mama ndiye anayemwogesha Babu. Mjomba ana nyumba yake Osaka, ghorofa ya kumi na moja. Hii yetu ataiuza — sote tunajua. Nami nilikaa tu. Mjomba akanigeukia: "Profesa Kozue! Vitabu vimekula ulimi?" Nikaona haya hadi masikioni.

Jumatatu, 6 Novemba

Tumefunga figili na Mama, mbili mbili, tukazitundika chini ya paa zikauke. Nikamwuliza kama kweli hatasema kitu. Akasema binti aliyerudi kwao hachagui chumba.

"Hiyo si sheria, Mama."

"Si sheria. Shika kamba."

Jumatano, 8 Novemba

Babu ameandika! Alifundisha maandishi ya brashi miaka arobaini, na leo mkono haukutetemeka hata kidogo. Aliniita nione. Ukurasa mzuri, nilitaka kuuchukia nikashindwa. Jina lake. Muhuri mwekundu. Na mwisho: "Siku njema ya mwezi wa kumi na moja."

Kila kazi yake huimalizia hivyo, iwe ya harusi au ya mwaka mpya. Anasema kutaja tarehe yenyewe ni kama kuacha bei kwenye zawadi.

Bahasha ataifunga Jumapili, Mjomba akija.

Alhamisi, 9 Novemba

Maktaba, baada ya shule. Nilitafuta habari za kodi tu. Nikakuta nisichokitafuta: wosia wa mkono lazima uwe na tarehe kamili. Ukiandikwa "siku njema" — batili! Mahakama ilishaamua. Mwezi una siku njema nyingi, ni ipi?

Nimesoma mara tatu. Wosia wa Babu si kitu. Bila wosia, Mama na Mjomba ni nusu kwa nusu, na hakuna wa kuiuza nyumba peke yake. Ninachotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza — jambo pekee ninaloliweza vizuri duniani!

Na kuna lingine. Mrithi aliyekuwa akiishi na marehemu akipewa nyumba, ardhi yake huhesabiwa kwa sehemu moja ya tano tu ya thamani. Ikienda kwa Mama, kodi karibu hakuna. Ikienda kwa Mjomba, mwenye nyumba yake, inahesabiwa yote. Sijui kama Mjomba aliambiwa hili na mshauri wake. Kwetu hakulitaja.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikula. Mama kauliza kama naumwa. Nimesema ni mtihani.

Jumapili, 12 Novemba

Asubuhi, kabla Mjomba hajafika, Babu aliniita. Bahasha na gundi vilikuwa tayari pembeni.

"Kozue, wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Soma, uniambie kama kuna kosa."

Angeniuliza kitu kingine chochote! Nikasoma polepole, kana kwamba kosa lingeondoka lenyewe. Halikuondoka.

"Lipo, Babu." Nikamweleza ile tarehe.

"Kwa hiyo ningekufa leo, hii ni karatasi ya kufungia samaki?"

"Ndiyo, Babu."

"Na nyumba?"

"Nusu kwa nusu."

Akanitazama. "Ungenyamaza, mama yako angefaidika."

"Ndiyo."

"Mbona hukunyamaza?"

"Umeniuliza."

Akakohoa — au alicheka, sikujua. Akauliza kama kitabu kilisema jambo jingine. Nikamwambia ile sehemu moja ya tano. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbu. Nilipomaliza, Babu aliuchana ule ukurasa, ule mzuri, katikati. Akaniomba maji ya kusugulia wino.

Sasa niko chumbani kwangu. Mjomba amefika, anavua viatu mlangoni, anamwuliza Mama kama bahasha imefungwa. Mama anasema Babu anaandika upya.

"Upya? Anaandika nini?"

"Sijui, kaka."

Kupitia mlango wa karatasi nasikia kijiti cha wino kikisuguliwa kwenye jiwe. Kisha brashi — yaani kimya. Kirefu sana.

Babu anamwita Mama! "Nobue! Leo ni tarehe ngapi?"

Mjomba amejibu haraka: "Kumi na mbili, Baba."

"Sikukuuliza wewe."

Miguu ya Mama kwenye ukumbi. Polepole. Imesimama mlangoni kwa Babu —