Hiyo Isipikwe

Kayole, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Dorika,

Kabla ya mengine yote, pokea salamu zangu. Goti lako laendeleaje katika mvua hii? Je, shemeji yako alikuja kuziba paa la jikoni, au bado unahamisha kuni kila mawingu yanapokusanyika? Huku barabara za mtaa zimegeuka matope matupu, na shuleni kwangu, mtaa wa Baba Dogo, twafika na viatu mkononi.

Mimi sina homa wala kikohozi. Hata hivyo sitakuficha: nina hofu ambayo sijapata kuwa nayo tangu tuoane, na ni wewe peke yako unayeweza kuiondoa. Jana nilimwaga chakula cha Dorika mbele ya watu. Leo simwondolei macho, kwa kuwa sijui kama alikula sumu. Nimejaribu kukupigia simu katika duka la sokoni huko kwetu, lakini naambiwa nyaya zimeanguka kwa mvua. Kwa hiyo soma barua hii mpaka mwisho, kisha unijibu kwa maandishi. Usinitumie jibu kwa mdomo wa mtu yeyote.

Nianze pale ulipoachia wewe. Unajua kwamba wanawake wa kanisa waliandaa shindano la mapishi kwa watu wasio wapishi wa kazi. Unajua pia kwamba mshindi angepewa kazi ya kupika katika shule ya chekechea ya kanisa. Dorika aliitamani kazi ile kuliko kitu chochote. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipowapunguza vibarua, amekuwa akitoka asubuhi kutafuta na kurudi jioni bila neno. Masharti yalimtaka kila mshiriki achague kiungo kimoja cha kwao, akipike, kisha awaeleze majaji kwa nini amekichagua.

Tulibishana mezani kwa siku kadhaa. Mimi nilipendekeza mboga ya mrenda.

"Baba, mrenda unateleza," akasema. "Jaji atauvuta na kijiko, ukatae kukatika, watu wote wacheke."

"Basi pika dagaa."

"Kila mtu anapika omena! Mwenye pilau atapika pilau, mwenye chapati atapika chapati. Mimi nataka kitu ambacho wakikionja watanyamaza."

Ndipo alipokutumia ujumbe akuombe uyoga wa kwetu uliokaushwa. Nilikubaliana naye. Uyoga wa mikono yako nimeula miaka yote ya ndoa yetu, na sijawahi kuuuliza swali.

Mzigo ulifika Ijumaa jioni. Aliuleta Mama Beti, yule mama anayenunua ndizi kwetu na kuziuza hapa karibu na barabara ya Spine. Aliuweka mlangoni akasema, "Mwalimu, woga yenu hii hapa!"

Nikamwambia, "Mama Beti, sema uyoga wenu. Woga ni hofu."

"Haya, hofu yenu hii hapa. Si mfungue?" Akacheka, akaenda zake, kwa maana ndizi zake zilikuwa zikinyeshewa.

Ndani ya mzigo mlikuwa na vitu vitatu: uyoga mwingi uliofungwa kwa majani ya mgomba, uyoga kidogo katika karatasi ya sukari, na chupa ya samli. Dorika alifurahi hata akaimba. Alifungua mafurushi yote mawili ya uyoga, akauloweka wote pamoja katika sufuria moja. Mimi nilikuwepo. Sikuona tofauti yoyote. Uyoga ukishakauka wote ni kama ngozi ya kiatu kikuukuu.

Jana asubuhi aliupika kwa karanga. Vitunguu alivikaanga kwa samli yako, na harufu ikawatoa majirani vyumbani mwao. Tulipofika katika ukumbi wa kanisa, washiriki walikuwa wamekwisha kupanga vyakula vyao juu ya meza ndefu. Majaji walikuwa watatu: mke wa mchungaji, mwalimu mkuu wa chekechea, na Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu mwenye duka la nafaka. Yeye alialikwa kwa sababu hakuna mtu mtaani asiyekubali ulimi wake.

Walikuwa wamebakisha washiriki wawili kabla ya Dorika, nilipomwona Mama Beti akiingia na mwavuli uliovunjika. Alikuja moja kwa moja hadi nilipoketi.

"Mwalimu, nilisahau jana. Mama huko nyumbani alisema hiyo isipikwe."

"Hiyo nini?"

"Hiyo. Hiyo kitu alituma."

"Alituma vitu vitatu, Mama Beti. Kama ni uyoga, ni huo usipikwe. Ni huo au ni hiyo?"

"Ai, mwalimu! Mimi si mwanafunzi yako. Kwangu kila kitu ni hiyo."

"Alikuambia kwa nini isipikwe?"

"Gari ilikuwa inaondoka. Alikuwa anakimbia na dirisha akisema, hiyo isipikwe, waambie hiyo isipikwe."

Nilikuona ukikimbia kando ya basi na goti lile. Nikajiuliza: mke wangu hakimbii, ni kitu gani kilichomkimbiza? Nikakumbuka karatasi ya sukari. Kwa nini uyoga ule mdogo ulikuwa peke yake? Huenda uliokotwa na mtu mwingine, ukautilia shaka, na ukaingia mzigoni kwa bahati mbaya. Nao ulikuwa umekwisha kuchanganywa na mwingine sufuriani, usingeweza kutengwa tena.

Nilipoinua macho, Mama Zuhura alikuwa mbele ya Dorika, sahani mkononi.

"Mwanangu, harufu hii imeniita tangu mlangoni," akasema. "Leo utatutia aibu sisi wa pilau."

Alikuwa ameinua kijiko. Nilivua kofia yangu, nikaifunika sahani ile.

Kisha nikasikia mtu nyuma yangu, "Mzee amerukwa na akili?" Na mwingine, "Anaogopa mtoto wake atashindwa."

Mke wa mchungaji akanisogelea. "Mwalimu, kuna nini?"

"Chakula hiki kisiliwe. Huenda kina sumu."

"Una hakika?"

"Sina."

"Sasa mbona unakikataza?"

"Kwa sababu sina."

Niliichukua sufuria, nikatoka nayo mvuani, nikaimwaga mtaroni, nikafukia kwa tope ili kuku wa watu wasidonoe. Niliporudi, Dorika alikuwa amesimama pale pale, ameshika mwiko. Hakulia. Kazi walimpa binti mmoja aliyepika maharagwe ya nazi, naye aliyapika vizuri. Siwezi kusema vinginevyo.

Njiani Dorika alinieleza kwamba Mama Beti amemsimulia yote. Akaniambia, "Baba, umemwaga kazi yangu kwa sababu ya sarufi."

Nilimwuliza jambo moja tu: "Ulionja?"

Akasimama katikati ya barabara. "Mpishi gani haonji? Nilionja chumvi, nikaona tamu, nikala kijiko kizima. Tena viwili."

Nilimpeleka zahanati siku ile ile. Muuguzi alituuliza ni uyoga wa aina gani. Mimi niliyewauliza watoto wa watu maswali maisha yangu yote sikuwa na jibu. Akasema uyoga mwingine humtapisha mtu mara moja, lakini mwingine hukaa kimya siku nzima au zaidi, na mtu hujiona mzima huku ini lake likiharibika. Akatuagiza twende hospitali kuu bila kungoja. Huko walimpima damu, wakamlaza, na leo baada ya ibada wameturuhusu turudi nyumbani. Wamesema hawajaona ubaya bado, arudi kesho apimwe tena. Na wao pia waliuliza: ni uyoga gani? Neno "bado" ndilo nililorudi nalo.

Sasa amelala chumbani, nami naandika mlangoni. Kila akigeuka kitandani, kalamu yangu inasimama. Muda mfupi uliopita aliniita, "Baba, acha kunichungulia, bado niko hai." Kisha akasema kichwa kinamuuma, lakini ni kwa kulia. Sikuwa nimemwona akilia. Sijui nimwamini yeye au nikiamini kichwa chake.

Nimeirudia sentensi yako mara nyingi. Mama Beti hajui lugha yetu, kwa hiyo ulimwambia kwa Kiswahili. Kwa lugha yetu, neno lenyewe lingetaja kitu chenyewe, hata kama lingepita katika vinywa vingi. Lakini nimefikiri pia hivi: Kiswahili chako si cha Mama Beti. Wewe husemi hiyo pale panapostahili huo. Ikiwa maneno yamefika kama yalivyotoka kinywani mwako, basi katika vitu vitatu ulivyotuma, kimoja tu kinaitwa hiyo, nacho ni samli. Tena nakumbuka jinsi unavyopika: samli huitii motoni, huitia mwishoni, chakula kikiwa kimekwisha kuepuliwa. Labda ulikimbia na basi lile ili kumwambia binti yako asiiharibu ladha. Labda hiyo ndiyo siri uliyotaka ashinde nayo.

Kama ndivyo, basi nilimwaga chakula kizuri, nikamwondolea mtoto wetu riziki mbele ya mtaa mzima, na jibu lilikuwa limesimama wazi mbele yangu. Nitakwenda katika ukumbi ule ule na kuwaambia. Dorika hatanisamehe upesi, na Mama Zuhura atanitania hadi nitakapostaafu. Nimeyakubali.

Mama Beti anaondoka kesho alfajiri na barua hii, na atarudi mara tu atakapopakia ndizi. Kama ni uyoga, niandikie jina lake, umbo lake, nani aliuokota na wapi, ili niwapelekee madaktari. Usinionee huruma, usipunguze neno.

Nisalimie mama yangu, na umwambie tu kwamba Dorika anamsalimu. Mengine asiyasikie kwanza. Msalimu ndugu yangu mdogo na mkewe, na shemeji yako wa paa. Msalimu mzee wa kanisa aliye jirani yetu, umwombe amtaje Dorika katika maombi bila kueleza sababu.

Watu wa huko wanajua kwamba sipendi kusahihishwa. Wewe unajua zaidi yao. Lakini nakuomba, Mama Dorika, chukua karatasi yoyote iliyo karibu, usipoteze muda kwa salamu, uniandikie kwamba nilikosea. Neno moja latosha. Andika: samli.

Mumeo anayeketi mlangoni,
Baba Dorika