Swali Nililolizima Mkutanoni

Kwa binti yangu mpendwa Mwende, ambaye nyumbani nimezoea kukuita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa ulipewa jina lake.

Nakusalimu kwa heshima, katika jina la Bwana. Naomba radhi. Mwaka mzima umepita tangu tumzike mama yako, nami sikukuandikia hata mstari. Si macho yangu ya uzee yaliyonizuia, ni aibu.

Wiki iliyopita binamu yako Kyalo aliniarifu kwamba unataka kuacha kufundisha chuo kikuu. Ati ulimwambia, "Maswali yangu hayakumsaidia hata mama." Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kazi yako, hiyo falsafa ya sayansi na teknolojia, sikuielewa. Waumini wenzangu waliponiuliza nilijibu, "Anafundisha," kisha nikageuza mazungumzo. Lakini ule mkutano wa maji naukumbuka. Fundi alikuwa amepima ardhi kwa mtambo wake, nasi wanakamati tukakata shauri: kisima kichimbwe, na kwa kuwa mto, tuliokuwa tukifukua maji mchangani mwake, hatutauhitaji tena, malori yauchukue mchanga huo ukauzwe. Ndipo wewe ukasimama, ukauliza:

"Mtambo umepima kama maji yapo. Ladha yake nani ameulizwa? Na mchanga ukiisha, tutarudi wapi?"

Mzee Mutua akapaaza sauti, "Profesa, wewe umewahi kubeba mtungi?"

"Nimebeba, mzee. Hata wa kwako, mkeo alipojifungua."

Watu wakacheka, nami niliyekuwa mwenyekiti nikaona nimedharauliwa. Nikakwambia mbele ya wote, "Keti chini. Hatukukusomesha utuletee maswali." Ukaketi. Mama yako, aliyefukua mchanga ule miaka yote, akionja maji kwa kiganja kabla ya kujaza mtungi, alikuwa ameinua mkono. Akaushusha.

Kisima kilitoa maji ya chumvi. Hata mbuzi waliyakataa. Mtoni ukabaki mwamba mtupu. Mama yako akawa anayafuata maji mbali, mpaka siku alipoteleza akavunjika nyonga. Yaliyofuata unayajua, ulimuuguza.

Mwaitu, swali lako halikushindwa. Mimi ndiye niliyelizima. Jumapili nilisimama kanisani nikayakiri haya yote. Sikuombi unisamehe, wala urudi nyumbani. Naomba tu usiache kufundisha kwa ajili ya kosa langu.

Barua hii anakuletea Kyalo. Nimemwagiza aiweke mkononi mwako kisha aondoke, usije ukajiona umelazimika kunijibu.

Ni mimi, baba yako.