Sauti Yangu Juu ya Sauti ya Mwalimu

Malili, Jumapili, Novemba 1994. Joto kali, na mvua bado imekataa.

Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai. Nilifika darasa la nne tu, lakini binti yangu Mutheu anasoma Torati kwa Kiebrania chenyewe. Nani mwingine hapa? Tunaoshika Sabato ya Kiyahudi ni nyumba tano, na ni yeye peke yake anayeweza.

Macho yake yalizimika mwaka juzi. Mwalimu wetu, Myahudi aliyekuwa akija kutoka Nairobi, akamsomea kwenye kaseti, polepole, kila mstari mara mbili. Kisha mwalimu akafa.

Zikabaki kaseti. Mutheu anasikiliza, anasimamisha, anasema, anakosea, anarudisha nyuma. Asubuhi mpaka jioni. Betri zikichoka naziweka juani. Ijumaa jua likishuka Sabato imeingia, hatugusi redio, kwa hivyo somo la Sabato lazima liwe limeshaingia kichwani.

Jumatano Mama Kioko, jirani anayesali kanisani, alikuja kuomba chumvi. Mutheu alikuwa amelala. Mimi ninyamaze vipi? Nikataka asikie vitu anavyosoma mtoto wangu. Nikafinya vitufe viwili pamoja, nikidhani kimoja hakitoshi. Kimya. Nikasema betri zimekwisha, tukaendelea na maneno yetu, na kaseti ikaendelea kuzunguka.

Alhamisi Mutheu akaiwasha. Pale Isaka anafukua visima vya baba yake, mwalimu akakatika katikati ya neno. Nikatokea mimi: "Huyu wangu, Mama Kioko, hata mapasta wenu hawamfikii."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jana, siku ya Sabato, alisimama mbele ya watu wote. Alisema vizuri, sauti imenyooka, mpaka kisima cha pili. Hapo akanyamaza. Tukangoja. Midomo ilikuwa inatafuta.

"Nimefika hapa," akasema, akapapasa kiti, akaketi.

Watu waliangalia sakafu. Mimi niliangalia vidole vyangu.

Ile sauti hakuna wa kuirudisha. Yale aliyokuwa ameyarudia mpaka koo likakauka, hayo anayo. Mengine nimeyafukia mimi, kwa mdomo huu.

Kitabu cha mwalimu kiko kwenye sanduku. Macho yaliyobaki nyumba hii ni yangu, na hayajui zile herufi. Asubuhi nimemwomba anifundishe.

"Mwaitu," akaniita, mama kwa Kikamba chetu, "itachukua miaka."

Nikamwambia sina safari.

Nimemwaga unga kwenye ungo, akachora kwa kidole. Herufi tatu. Ya pili na ya tatu bado nazichanganya. Nimefuta, amechora, nimefuta, amechora, mpaka jua likatufikia mlangoni.

Mama Kioko amepita jioni hii, akauliza habari za huku. Nimemwambia ni nzuri tu.

Za ungo sijamwambia.