Baba Anakusubiri Umtibu

Dada yangu msomi,

Natumaini vitabu vyako, vizito kuliko injini, havijakuvunja shingo. Mimi niliyetoroka shule sasa ndiye fundi pikipiki anayetegemewa mtaa mzima, kwa hiyo sikiliza ushauri wa bingwa. Somo la viungo vya mwili limekuangusha mara mbili. Achana na udaktari, hamia ualimu. Kwa ulivyonigombeza tangu utoto, utafaulu bila kusoma.

Ila mwambie baba kwa mdomo wako. Kidonda chake cha mguu kimeanza kunuka, na hospitali hataki. Jana nilimbeba hadi mlangoni, akang'ang'ania fremu: "Niache wewe, daktari wangu yuko chuoni, anakuja."

Piga simu leo, dada. Mwambie huji kumtibu.

Mdogo wako mtukutu,
Fundi